Jiko linakula mahindi, mama mkwe hataki kukaa nalo, na mimi nimemficha mume wangu ukweli

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, tunaishi pembeni kidogo ya mji wa Njombe. Naandika saa tano usiku, watoto wamelala, nimejifunika blanketi mbili na miguu bado ni ya baridi. Huku Juni na Julai unakujua. Kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu na maji ya bomba yanauma vidole.

Mwaka jana kaka yake mume wangu, anayeishi Marekani katika jimbo la Minnesota, alitutumia jiko ndani ya kontena pamoja na vitu vingine. Si jiko la kupikia, ni la kupasha nyumba joto, na linachoma mahindi. Punje zenyewe, si magunzi. Unajaza punje kwenye sanduku la juu, halafu kuna chuma kilichojisokota kama parafujo kinachozisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto. Feni moja inavuta hewa ipite kwenye moto na kusukuma moshi nje kwa bomba, nyingine inaleta joto sebuleni. Jiko ni la volti 120, kwa hiyo fundi umeme alitufungia transfoma. Fundi bati akatutengenezea bomba lenye kona mbili, likatokea ukutani.

Mume wangu ni dereva wa lori, anakuwa nyumbani siku nne au tano kwa mwezi. Kwa hiyo jiko ni langu. Nikiliwasha saa kumi na mbili jioni linawaka vizuri nusu saa, kisha moto unakuwa mwekundu wa kuzubaa na kioo cha mlango kinakuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Ikifika saa tatu limezimika au linafuka. Asubuhi nachokonoa kile kikombe kwa bisibisi na kutoa donge la kijivu, zito, lenye matundu, sehemu nyingine linang'aa kama kioo kilichoyeyuka. Vitundu vyote vya hewa vimezibwa nalo. Mwezi wa sita nilichoma mahindi ya mwaka jana, yale tuliyoyachanganya na dawa ya dumuzi, mume wangu alisema tumalize hayo kwanza. Sasa nachoma ya msimu huu, tuliyoyatoa shamba wiki tatu zilizopita, na hali imezidi kuwa mbaya. Nikimpigia mume wangu ananiambia nisome kitabu. Kitabu ni cha Kiingereza, nimekisoma na kamusi pembeni, mama, nimekisoma.

La pili ni mama mkwe. Ana miaka zaidi ya sabini na magoti yanamsumbua, na shemeji alisema wazi kuwa jiko ni kwa ajili yake. Jioni ya kwanza alikaa nalo dakika kumi, akaangalia punje zinavyodondoka motoni, akainuka. Alisema, "Mimi nilipanga foleni kwa unga wa Yanga. Siwezi kuota moto wa mahindi." Tangu hapo anakaa jikoni nje, na usiku anaingia chumbani kwake na jiko la mkaa. Nyumba nzima inanukia mahindi ya kuchoma ambayo hakuna anayeyala.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Nilikopa kwenye kikoba kununua mbegu za viazi, mvua na ugonjwa vikaviozesha shambani. Mume wangu hajui mkopo huo. Rejesho lilipofika niliuza magunia matatu ya mahindi, nikapata laki moja na elfu themanini, nikalipa. Aliponiuliza ghala lina nini nikamwambia jiko limeshakula magunia saba. Ukweli limekula manne. Akamweleza kaka yake, na kaka yake akashangaa, akasema jiko dogo vile haliwezi kula hivyo, lazima kuna hitilafu, tulifungue na tumpigie picha za video kila sehemu. Mume wangu anarudi mwisho wa mwezi na fundi wa kutoka Makambako.

Nimefikiria kusema jiko limekufa kabisa, tuliuze chuma chakavu, yaishe. Lakini ni zawadi ya kaka mkubwa. Nimefikiria kukopa tena nirudishe magunia. Mtoto wetu mdogo naye aliamka asubuhi moja kichwa kinamuuma na akatapika, siku umeme ulipokatika usiku, nikampeleka kupima malaria, hana. Yaani kila kitu kwa pamoja. Mume wangu si mtu mkali, lakini neno asilosahau ni uongo. Akijua, ataniamini tena kwa lipi? Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Njombe

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jambo uliloliandika kama nyongeza, maana kwangu ndilo la kwanza. Mtoto aliyeamka na kichwa na kutapika, hana malaria, asubuhi ya usiku ambao umeme ulikatika jiko likiwa na moto. Mimi si daktari, na sisemi nimejua kilichompata. Ila moto wowote unaofuka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na dalili zake za mwanzo ni hizo hizo: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu. Jiko lako linategemea feni kutoa moshi. Umeme ukikatika feni inasimama, lakini punje zilizomo kwenye kikombe zinaendelea kufuka, na moshi unatafuta njia ya kurudi ndani. Kwa hiyo naomba jiko hilo lisiwashwe tena mpaka bomba na feni vikaguliwe. Ikitokea tena watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja na wakitoka nje wanapata nafuu, tokeni wote, mwende kituo cha afya, na mtaje moto. Mhudumu asipoambiwa habari ya moto atatafuta malaria, kama ilivyokuwa kwako.

Na jiko la mkaa la mama chumbani ni hatari kuliko hilo la Marekani, kwa sababu lenyewe halina hata bomba. Nimekulia Mufindi, najua kila msimu wa baridi kuna nyumba inayoamka na msiba kwa ajili ya jiko la mkaa lililolala ndani na mlango umefungwa. Nitarudi kwa mama.

Nimekuelewa hivi: una jiko linalokushinda, una mzee asiyeridhika nalo, na una siri ambayo imejificha nyuma ya jiko hilo. Vimefungana kiasi kwamba ukivuta kimoja unaogopa vyote vitakuja. Hebu tuvitenganishe, maana naona umejibebesha lawama zote kwa mkupuo, na nyingine si zako.

Jiko kwanza. Niliisoma sehemu hiyo ya barua kwa fundi mmoja wa mota hapa Iringa, bila kutaja unakotoka wala wewe ni nani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kibati cha nyuma kinasema hezi ngapi?" Hezi ni idadi ya mara ambazo umeme hubadili mwelekeo, kwenda na kurudi, kwa sekunde moja. Vifaa vya Marekani hutengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Mota nyingi za feni za aina hiyo huzunguka kwa kufuata hezi, kwa hiyo huku kwetu inazunguka pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, na inapata moto kuliko inavyotakiwa. Sasa ongeza na mahali unapoishi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani. Feni inazubaa, na hata hewa inayoivuta ni haba. Moto mwekundu uliozubaa na kioo cheusi ndivyo moto unavyoonekana ukikosa hewa. Hayo hayamo kwenye kitabu, kwa sababu aliyekiandika hakumfikiria mtu wa Njombe. Ungekisoma mara ishirini usingeyakuta.

Lile donge unalolitoa kwa bisibisi nalo si uzembe wako. Majivu ya mahindi yana potasiamu na fosforasi nyingi, yakipata joto kali yanayeyuka na kugandamana kama ulivyoeleza, yanang'aa kama kioo. Kila anayechoma mahindi Marekani analijua, hulitoa kila siku au kila linapojaa. Wengine huchanganya punje na konzi ya makombe ya chaza yaliyosagwa, yale ya kulishia kuku, ili donge liwe jepesi kuvunjika. Lakini likishaziba matundu, hewa ile kidogo inapungua tena, na kinachofuata umekiona.

Kisha unyevu. Majiko haya yanataka mahindi yasiyozidi unyevu wa asilimia 15, na yanawaka vizuri zaidi kwenye 11 hadi 13. Mahindi ya nyanda zetu za juu hukaa shamba muda mrefu na hukauka polepole kwa ukungu, na ubaya wake baridi inafika wakati ule ule tunavuna. Ya wiki tatu yanaweza kuwa mabichi bado hata kama kwa macho ni makavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayafai jiko wala ghala. Ikirudi chini yote, yamekauka. Hilo litakusaidia hata kama hamtachoma punje moja tena.

Yale yenye dawa ya dumuzi usiyachome kabisa, wala mbegu za dukani zenye rangi. Moshi wa dawa hiyo si wa kukaa nao nyumbani. Wala usiwashie mafuta ya taa. Hukuandika kama unafanya hivyo, ila wengi hufanya moto ukigoma.

Bomba sasa. Moshi wa mahindi una asidi, unakula bati la kawaida haraka, ndiyo maana wenyewe hutumia bomba la chuma kisichoshika kutu. Tena feni inausukuma moshi kwa nguvu, si kama dohani inayouvuta juu, kwa hiyo palipo na upenyo kwenye maungio moshi unatokea ndani. Fundi wa Makambako akija, mwambie aanzie kwenye zile kona mbili kabla ya kugusa kitu kingine: jivu laini lililojaa ndani, matundu ya kutu, maungio yasiyozibwa. Kisha utepe wa mlangoni kama umekakamaa. Kisha mota. Ikibidi, iwekwe feni ya hezi 50 yenye nguvu zaidi. Inaweza kugharimu, na inaweza isitoshe. Na shemeji akitaka kusaidia kweli, kuna kengele ndogo za betri zinazolia zikiinusa ile hewa yenye sumu. Kwao ni kitu cha kawaida madukani.

Sasa mama. Umeandika kwamba hataki jiko. Nimerudia maneno yake na sina hakika kama ndivyo alivyosema. Wasomaji vijana pengine hawajui: miaka ile ya shida tulikula mahindi ya njano yaliyotoka nje, mengine Marekani huko huko, tukayaita unga wa Yanga kwa rangi ya jezi. Mtu aliyesimama kwenye foleni ile na mtoto mgongoni, akiona punje nyeupe safi zinadondoka motoni, anaona kitu ambacho mimi na wewe hatukioni. Huko Minnesota mahindi mengi ni ya kulisha mifugo na kutengeneza ethanoli ya magari. Mwaka 2005 bei yake ilikuwa chini sana, kama dola mbili kwa kilo 25, na gesi ya kupashia nyumba ilikuwa ghali, ndipo watu wengi wakanunua majiko haya. Bei ya mahindi ilipopanda miaka michache baadaye, wengi walirudi kwenye vidonge vya mbao, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa. Kwa hiyo hata kwao lilikuwa jambo la hesabu. Na hesabu ya kwetu ni nyingine: kilo ya mahindi makavu inatoa joto karibu sawa na kilo ya kuni kavu. Wewe uko Njombe, mabanzi ya misonobari na kuni za miwati ziko mlangoni.

Je, mama amewahi kuulizwa angependa kuota nini? Simaanishi kuelezwa faida za jiko. Kuulizwa. Pengine atasema jiko la kuni lenye bomba. Pengine ataona tofauti kama jiko litatumia vidonge vya mbao, maana mengi ya aina hiyo yanavikubali, kitabu kitasema; shida ni kuvipata huku kwa uhakika. Pengine atataka dari tu. Hukuandika kama sebule ina dari. Kama juu ni bati tupu, hata gunia zima kwa usiku mmoja litapanda likaishie angani. Na kwa magoti yake, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga kitandani haina moshi.

Nije kwenye magunia matatu.

Shemeji yako hakukosea kushangaa. Majiko madogo ya aina hii huchoma kama kilo moja hadi mbili kwa saa, na lako linazimika saa tatu. Fundi atakayelifungua anaweza kuigundua hesabu hiyo kabla mume wako hajaigundua. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema kwa sababu unaipima njia ya kunyamaza kana kwamba iko wazi, na mimi naona imeanza kufungwa. Ukisema jiko limekufa, utakuwa umeongeza uongo wa pili juu ya kitu ambacho watu wawili wanakwenda kukikagua kwa video. Ukikopa tena urudishe magunia, ghala litajaa lakini utakuwa na rejesho jipya, na bei ya kununua huenda isiwe ile uliyouzia. Naelewa kwa nini inakuvuta: inakuahidi kwamba hakuna atakayejua. Lakini swali la magunia saba limeshatamkwa, na lazima lipate jibu kutoka kwa mtu.

Kumwambia nako kuna hatari zake, sitakuficha. Anaweza kuumia zaidi kwa mkopo kuliko kwa mahindi. Anaweza kurudia kila kitu kwa kaka yake kabla hujajiandaa. Ukimwambia kwa simu, yuko barabarani usiku na lori la tani thelathini, na habari nzito si ya kumpa mtu aliyeshika usukani. Ukingoja afike na fundi yupo sebuleni, utazungumza mbele ya mgeni. Katikati pana ile jioni ya kwanza akifika, kabla fundi hajaitwa. Au kesho akiwa amepumzika mahali, ukimwomba kwanza akuambie kama ana nafasi ya kusikiliza. Wewe ndiye unayejua sauti yake ikiwa imechoka inakuwaje.

Kuna kitu nataka kukuuliza, ukijibu moyoni mwako inatosha. Uliogopa nini hasa ulipoficha mkopo wa viazi? Umesema mume wako si mkali. Basi pengine hukumwogopa yeye. Viazi vilivyooza shambani vinaumiza. Mtu anakuwa na aibu kana kwamba ni yeye aliyeleta mvua. Halafu ukalipa rejesho kwa wakati, jina lako kwenye kikoba likabaki safi, na hujanunua hata khanga. Hayo hayafuti uongo, na najua hutaki niyatumie hivyo. Lakini ukimweleza magunia bila kumweleza viazi, atasikia hesabu tupu. Na sijui kama yeye naye hana aibu yake: yuko mbali, mama yake anaota mkaa nje, zawadi ya kaka haifanyi kazi, na kitu pekee anachoweza kukuambia kwa simu ni "soma kitabu."

Kuhusu zawadi, nadhani umedhani shemeji atatukanwa na ukweli. Jaribu kumfikiria akiambiwa kwamba jiko lake halipati hewa kwa sababu ya hezi 50 na urefu wa milima yetu. Mtu anayeomba video za kila skrubu anaonekana ni mtu atakayefurahia habari hiyo. Inawezekana nimekosea, wewe unamjua.

Utakapokaa na mume wako, kama utaamua kukaa naye, mimi ningeanza na ile asubuhi ya mtoto, si na magunia. Mweleze umeme ulivyokatika, mtoto alivyotapika, ulivyokwenda kupima malaria peke yako. Ni habari anayopaswa kuijua hata kama magunia yangekuwa kamili, na akishaisikia utaona mwenyewe kama nafasi ya yale mengine imefunguka usiku huo au ingoje kesho yake.

Niandikie tena baada ya mwisho wa mwezi. Nitapenda kujua chumvi ilinata au haikunata.

Na kwa usiku wa leo, jiko la mkaa la mama lilale nje.